Brigham Young: Mkimbizi Aliyepata Nchi

 

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu waliotutangulia, safari hii tunawaletea mtu ambaye si wa kundi letu. Ni Brigham Young, kiongozi wa pili wa Wamormoni, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Tunajua wengine watashangaa. Kanisa hilo lina vitabu vingine linavyoviweka pamoja na Biblia, na mafundisho yake juu ya Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu si yale tuliyoyapokea sisi. Hatuandiki ili mtu abadili imani yake. Tunaandika kwa sababu huyu alifukuzwa kwake zaidi ya mara moja, akawavusha maelfu ya wakimbizi mito na nyika, na mwisho akapata nchi. Kabla ya kuipata nchi alifanya mambo ya kutia moyo. Baada ya kuipata alifanya mengine ambayo sisi tuliokimbia vita tunapaswa kuyasoma polepole.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Brigham Young alizaliwa tarehe 1 Juni 1801 katika kijiji cha Whitingham, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Alikuwa mtoto wa tisa kati ya kumi na mmoja. Baba yake, John Young, alikuwa mkulima maskini aliyehamahama kutafuta ardhi, na Brigham alipokuwa bado mdogo waliingia jimbo la New York. Kazi yao ilikuwa kukata miti, kufyeka na kulima. Shule aliisoma siku chache tu. Mama yake, Abigail, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1815, na Brigham alikuwa na miaka 14.

Basi akajifunza kazi za mikono: useremala, kupaka rangi, na kutia vioo madirishani. Mwaka 1824 alimwoa Miriam Works, wakapata mabinti wawili. Miriam naye akashikwa na kifua kikuu. Brigham alifanya kazi mchana, akapika, akaosha watoto, na kumbeba mkewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti karibu na moto. Wale wanaouguza wagonjwa majumbani mwao wanajua maisha hayo.

KUINGIA KATIKA KANISA JIPYA

Wakati ule alikuwa Mmethodisti. Mwaka 1830 kijana mmoja wa jimbo hilohilo, Joseph Smith, alichapisha Kitabu cha Mormoni akasema amepewa na malaika, na akaanzisha kanisa. Young hakukimbilia. Alikichunguza kitabu kile kwa muda wa miaka miwili hivi, akawatazama wale walioamini, kisha mwezi Aprili 1832 akabatizwa. Mwezi Septemba mwaka huohuo Miriam akafariki. Young akawachukua mabinti zake, akaenda kuishi na waamini wenzake Kirtland, jimbo la Ohio. Huko, mwaka 1834, akamwoa Mary Ann Angell. Mwaka 1835 akawekwa kuwa mmoja wa Mitume Kumi na Wawili wa kanisa hilo.

KUFUKUZWA MISSOURI

Wamormoni wengi walikuwa wamehamia jimbo la Missouri, wakiamini kwamba ndiko Mungu atakakoujenga mji wake. Wenyeji waliwaona wanaongezeka haraka, wananunua ardhi, wanapiga kura pamoja kama mtu mmoja, tena wanasema nchi hii wamepewa na Mungu. Hofu ikazaa chuki. Mwaka 1838 vita vikaanza. Tuseme kweli yote: Wamormoni nao walichoma nyumba za jirani zao. Lakini wao walikuwa wachache, na serikali ikawageuka. Tarehe 27 Oktoba 1838 gavana Lilburn Boggs alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe katika jimbo. Siku tatu baadaye kundi la watu wenye bunduki liliwavamia mahali paitwapo Haun's Mill, wakaua watu 17, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka kumi. Joseph Smith akafungwa gerezani.

Hapo ndipo Young, seremala asiye na shule, alipoonekana kuwa kiongozi. Ilikuwa majira ya baridi kali, na wenye ng'ombe na magari walikuwa tayari kuondoka na jamaa zao. Mwezi Januari 1839 aliwakusanya watu, wakafanya agano kwamba hakuna maskini atakayeachwa nyuma. Waliweka sahihi zao, na mali ya kila mmoja ikawa chini ya agano hilo hadi mtu wa mwisho avuke. Young mwenyewe ilimbidi akimbie mwezi Februari kwa sababu maisha yake yalitafutwa, lakini kamati aliyoiacha iliendelea. Watu kati ya 8,000 na 10,000 waliingia jimbo la Illinois. Wakaaji wa mji mdogo wa Quincy waliwafungulia milango, wakawapa chakula, nguo na kazi, ingawa wageni walikuwa wengi kuliko wao.

Tulioandikishwa kwenye mipaka kwa makumi ya maelfu tunajua wema wa namna hiyo ulivyo. Tuliwahi kupokelewa na watu ambao hawakuwa na deni letu.

NAUVOO, NA KIFO CHA JOSEPH SMITH

Wakajenga mji mpya kando ya mto Mississippi, wakauita Nauvoo. Palikuwa mahali pa tope na mbu, na malaria iliwaangusha wengi. Mwezi Septemba 1839 Young aliondoka kwenda kuhubiri Uingereza akiwa anatetemeka kwa homa, na mkewe alikuwa na mtoto mchanga wa siku kumi. Huko Uingereza maelfu ya wafanyakazi wa viwandani na maskini wa mijini walibatizwa, na wengi wao wakapanda meli kuja Nauvoo.

Aliporudi mwaka 1841, Nauvoo ulikuwa mji mkubwa, na chuki ya majirani ilikuwa imeanza tena. Ndani ya kanisa pia palikuwa na jambo la siri: Joseph Smith alikuwa ameanza kufundisha viongozi wenzake kuoa wake wengi, na Young akakubali. Mwezi Juni 1844 gazeti moja la Nauvoo lilifichua habari hiyo. Smith, ambaye alikuwa pia meya wa mji, aliamuru mtambo wa gazeti uvunjwe. Akakamatwa, akapelekwa gereza la Carthage, na tarehe 27 Juni 1844 watu wenye silaha wakaingia gerezani wakamwua pamoja na ndugu yake Hyrum.

Kundi lilibaki bila mchungaji, na watu kadhaa wakadai nafasi yake. Tarehe 8 Agosti 1844 mkutano mkubwa ulikubali waongozwe na Mitume Kumi na Wawili, na mkubwa wao alikuwa Brigham Young.

SAFARI YA KWENDA MAGHARIBI

Ilipoonekana kwamba hata Illinois hawatakaa, Young aliamua kuwapeleka mbali, ng'ambo ya milima, katika nchi iliyokuwa bado chini ya Mexico. Mwezi Februari 1846 magari ya kwanza ya kukokotwa na ng'ombe yalivuka Mississippi kukiwa na barafu. Young aliwagawa watu katika makundi ya mia, hamsini na kumi, na kila kundi lilikuwa na kiongozi wake. Waliotangulia walipanda mashamba njiani, ili wanaokuja nyuma wavune. Wale maskini waliobaki Nauvoo walipotolewa kwa nguvu mwezi Septemba 1846, alituma magari yakawachukue. Lile agano la Missouri lilikuwa hai.

Majira ya baridi ya mwaka 1846 hadi 1847 waliyapitisha kando ya mto Missouri, katika ardhi ya watu wa kabila la Omaha, mahali walipopaita Winter Quarters. Waliishi katika vibanda na mashimo yaliyochimbwa kwenye kingo za mto. Chakula kibovu, baridi na magonjwa viliua mamia, wengi wao watoto.

Mwezi Aprili 1847 Young aliondoka na kundi la kutangulia: wanaume 143, wanawake watatu na watoto wawili. Kati ya wanaume hao watatu walikuwa weusi, nao walikuwa watumwa: Green Flake, Oscar Crosby na Hark Lay. Tuyaweke majina hayo moyoni, maana tutarudi kwao. Walitembea zaidi ya kilomita 1,600. Tarehe 24 Julai 1847 Young, akiwa mgonjwa wa homa na amelazwa garini, alilitazama bonde la Ziwa la Chumvi akasema hapo ndipo mahali pao. Wenzake waliomtangulia kwa siku mbili walikuwa wameshaanza kulima na kuelekeza maji ya kijito mashambani.

KUWAPOKEA WALIO NYUMA

Mtu aliyevuka husahau upesi walio ng'ambo. Young hakuwasahau. Mwaka 1849 alianzisha mfuko wa kuwasafirisha maskini. Aliyesaidiwa kufika alitakiwa kulipa polepole akishapata kazi, ili fedha hiyohiyo imsafirishe mwingine. Watu wapatao 70,000 walifika katika nchi hiyo kabla reli haijakamilika mwaka 1869, wengi kutoka Uingereza na nchi za kaskazini mwa Ulaya.

Fedha za mfuko zilipopungua, Young alipanga watu waje kwa miguu, wakivuta mikokoteni kwa mikono. Mwaka 1856 makundi mawili, la Willie na la Martin, yaliondoka wakati umekwisha kupita, yakanaswa na theluji. Habari zilipomfikia mwanzoni mwa Oktoba, siku iliyofuata alisimama mbele ya mkutano wa kanisa, akadai nyumbu, magari, unga na watu wa kuendesha. Waokoaji waliondoka baada ya siku mbili. Hata hivyo zaidi ya watu 200 kati ya 1,000 hivi walikufa. Mpango ulikuwa wake, na uokoaji ulikuwa wake.

NCHI ILIKUWA NA WENYEWE

Sasa tufike mahali pagumu. Mwaka 1848 Mexico iliikabidhi nchi ile kwa Marekani baada ya kushindwa vita. Mwaka 1850 ikaitwa eneo la Utah, na Young akawa gavana. Mkimbizi alikuwa sasa serikali.

Mabonde yale hayakuwa matupu. Waute, Washoshone na Wapaiute walikuwa wakivua samaki, wakiwinda na kuchuma mbegu humo tangu zamani. Wageni walichukua maji mazuri na malisho mazuri, na wenyeji wakaanza kufa njaa na surua. Young alipenda kusema kwamba kuwalisha ni gharama ndogo kuliko kupigana nao, na kweli mara nyingi aliagiza wapewe chakula. Lakini mwezi Februari 1850 aliridhia jeshi la mgambo liwashambulie Waute wa bonde la Utah, na wengi wakauawa. Mwaka 1865 alikuwepo Spanish Fork akiwashauri wakuu wa Waute waweke sahihi ya kuziacha ardhi zao na kwenda bonde la Uintah. Seneti ya Marekani haikuuthibitisha mkataba ule, lakini watu walihamishwa. Aliyetolewa Missouri kwa amri ya gavana alikuwa gavana wa kwanza wa nchi ambayo wenyeji wake nao walitolewa.

Na watu weusi? Mwaka 1836, wakati wa Joseph Smith, mtu mweusi aitwaye Elijah Able alikuwa amewekwa kuwa mzee wa kanisa. Lakini mwaka 1852 Young alitangaza kwamba watu wa asili ya Afrika hawawezi kuwa na ukuhani, akisema wana laana ya Kaini. Mwaka huohuo baraza la Utah, kwa kumwunga mkono yeye, lilitunga sheria iliyoruhusu utumwa. Green Flake na wenzake walitembea njia ileile ya kutafuta uhuru, wakafika wakiwa mali ya watu. Utumwa ulifutwa na Bunge la Marekani mwaka 1862, lakini katazo la ukuhani lilidumu hadi mwaka 1978. Mwaka 2013 kanisa lenyewe liliyakana mafundisho yaliyotumika kulitetea. Leo Wamormoni wana waamini wengi Afrika, na mwaka 2019 walifungua hekalu lao Kinshasa. Waamini hao walingojewa kwa zaidi ya miaka 120 kwa sababu ya neno la mtu mmoja aliyetumia Biblia vibaya.

MOUNTAIN MEADOWS

Mwaka 1857 rais wa Marekani, James Buchanan, alituma askari wapatao 2,500 kwenda Utah pamoja na gavana mpya, kwa kuwa alisikia Wamormoni wameasi. Watu wakaona Missouri inarudi. Mahubiri yakawa ya moto: damu ya Joseph Smith ikatajwa, watoto wa Haun's Mill wakatajwa, na kisasi kikatajwa. Young alikuwa mstari wa mbele katika mahubiri hayo.

Wakati huohuo msafara wa familia kutoka jimbo la Arkansas ulikuwa unapita kusini mwa Utah kwenda California. Mgambo wa Wamormoni wa huko, pamoja na baadhi ya Wapaiute waliowashawishi, waliuzingira mahali paitwapo Mountain Meadows. Tarehe 11 Septemba 1857 waliwaendea na bendera nyeupe, wakawaahidi usalama wakiweka silaha chini. Walipoziweka, waliwaua watu wapatao 120, wanaume, wanawake na watoto. Waliwabakiza watoto 17 tu, wadogo ambao walidhaniwa hawataweza kusimulia.

Kabla ya mauaji, mjumbe alikuwa ametumwa kwa farasi kumwuliza Young. Jibu lake lilikuwa wasafiri waachwe wapite. Lilifika siku mbili baada ya watu kuuawa. Wanahistoria wengi wanasema hakuagiza mauaji, lakini maneno yake ndiyo yaliyotayarisha mioyo. Kisha kwa miaka mingi lawama zilitupwa kwa Wapaiute, naye aliwakinga watu wake. Ni mtu mmoja tu, John D. Lee, aliyeadhibiwa. Alipigwa risasi palepale Mountain Meadows tarehe 23 Machi 1877.

Wapendwa, tuone jambo hili. Wale wa Arkansas hawakuwa watu wa Missouri. Hawakumfukuza mtu yeyote. Kisasi kilichotunzwa miaka 19 kilimwangukia mpita njia na mtoto wake.

MIAKA YA MWISHO

Mwaka 1858 hofu ya jeshi ilimfanya Young awahamishe watu wapatao 30,000 waende kusini, nyumba zao zikijazwa nyasi tayari kuchomwa. Lakini palifanyika mapatano, wakarudi. Yeye akakubali kuuacha ugavana, ila aliendelea kuliongoza kanisa. Alianzisha mamia ya vijiji na miji, mifereji, viwanda na shule. Shule ya Provo aliyoianzisha mwaka 1875 ndiyo leo Chuo Kikuu cha Brigham Young. Alioa wake zaidi ya 50 na kuzaa watoto 57. Desturi hiyo iliwaletea wanawake wengi machozi, ikaligombanisha kanisa lake na serikali, hadi mwaka 1890 kanisa lilipotangaza kuiacha.

Alikufa Salt Lake City tarehe 29 Agosti 1877, akiwa na miaka 76, miezi mitano baada ya Lee kupigwa risasi. Amri ya Boggs ilifutwa na gavana wa Missouri mwaka 1976. Mwaka 2007, pale Mountain Meadows, kiongozi wa kanisa la Wamormoni alionyesha majuto mbele ya wazao wa waliouawa.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, lile agano la mwaka 1839. Siku ya kuhama, mwenye nguvu hutangulia na mjane hubaki na mzigo wake. Young alionyesha kwamba watu waliopoteza kila kitu wanaweza kukubaliana asiachwe mtu. Hata hapa makazini, panapopunguzwa mgao, agano hilo linawezekana kati ya nyumba kumi tu.

Pili, kuteswa hakumfanyi mtu kuwa mwema. Wengi wetu tunadhani kwa kuwa tumelia, basi hatuwezi kumliza mwingine. Maisha ya Brigham Young yanakataa. Ndiyo maana Mungu, alipowatoa Waisraeli utumwani, hakuwaachia hilo lijitokeze lenyewe. Aliwapa amri wasimwonee mgeni, kwa sababu wao wenyewe walipata kuwa wageni Misri (Kutoka 23:9). Amri hutolewa mahali ambapo moyo unaweza kusahau. Siku moja wengine wetu watarudi na kukuta mtu mwingine analima shamba la baba yao. Wengine watapelekwa Marekani au Ulaya. Wengine watabaki hapa, kandokando ya wenyeji ambao kuni zao na maji yao tunagawana leo. Kote huko mtihani ni uleule.

Tatu, tuangalie tunavyowasimulia watoto. Wana haki ya kujua kwa nini tulikimbia na nani walikufa. Lakini tukiwatajia kabila lote kuwa adui, tunawapa silaha ambayo wataitumia kwa mtu ambaye hata hakuwepo. Wachungaji nasi tuyapime mahubiri yetu. Neno la mimbarini hutoka kwa dakika moja, na barua ya kulirudisha inaweza kuchelewa siku mbili.

Tunawaomba familia zote, wiki hii katika maombi ya jioni, mtaje kwa jina mtu mmoja wa upande ule tuliouogopa ambaye aliwatendea wema, ili watoto walisikie jina hilo nalo. Bwana awalinde.